Zege limemwagwa, unyevu umebaki: kutafuta kosa kwenye sakafu mpya ya nyumba kuukuu ya Uingereza

Simu hizi hufanana. "Fundi, tuling'oa mbao zote za chini, tukaweka kihami joto, tukamwaga zege, hela ikaisha. Sasa ukuta umelowa kuliko zamani." Anayepiga mara nyingi ni Mswahili mwenzangu aliyenunua nyumba ya safu Leicester, Reading au mashariki ya London, zile za matofali zilizojengwa kabla ya 1914, zimebanana bega kwa bega mtaa mzima. Na lawama zote anaibebesha zege. Mimi humuuliza jambo moja kwanza: kabla ya zege, maji ya chini ya nyumba yalikuwa yanatokea wapi?

Huwa kuna kimya kidogo.

Uvungu ulikuwa na kazi

Sakafu ya mbao ya nyumba hizi haikulala juu ya udongo. Boriti zilitoka ukuta hadi ukuta, katikati zikabebwa na vikuta vifupi vya matofali vilivyoachiwa mapengo, na chini yake ukabaki uvungu. Ukutani, mbele na nyuma ya nyumba, kuna matofali yenye matundu. Upepo unaingia mbele, unapita uvunguni, unatokea nyuma. Udongo wa chini ni mbichi mwaka mzima, na matofali ya msingi ni mabichi vilevile, ila ule upepo unachukua mvuke kabla haujafika kwenye mbao. Gharama yake ni miguu kuganda mwezi wa pili, maana upepo huohuo unapenya kwenye nyufa za mbao.

Kwetu jamvi, yaani sakafu ya zege juu ya ardhi, ni jambo la kawaida: kifusi, mawe, nailoni kama bajeti inaruhusu, zege, kazi imekwisha. Dar es Salaam hakuna joto la kulinda ndani, kwa hiyo hakuna anayefikiria kihami. Ndiyo maana fundi aliyemwaga majamvi chungu nzima Mbagala anaweza kuharibu moja tu huku, tena kwa kujiamini.

Sakafu ya huku, ikifuata desturi, inapanda hivi kutoka chini: kokoto zilizoshindiliwa milimita 150, mchanga wa kuziba ncha za mawe, nailoni nzito ya kuzuia unyevu ambayo tunaiita DPM, yenye unene wa mikroni 300 (dukani utasikia "geji 1200"), mabamba ya kihami milimita 100 au zaidi, nailoni nyembamba juu yake, kisha zege milimita 100. Wengine hulaza zege chini na kihami juu, halafu wakamalizia kwa skridi, yaani mchanga na saruji wa kusawazisha, milimita 65 hadi 75. Mipangilio yote miwili inafaa. Pembeni, kuzunguka chumba kizima, kinasimamishwa kipande chembamba cha kihami, milimita 25, ili zege lisiguse ukuta wa nje. Kumbuka kipande hicho, tutakirudia.

Kanuni za ujenzi za England zinazotumika tangu Juni 2022 zinataka sakafu inayokarabatiwa isipoteze joto zaidi ya kiwango cha 0.25 (vati kwa kila mita ya mraba, kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya joto), na sakafu mpya kabisa 0.18. Kazi hii inatakiwa iarifiwe kwa mkaguzi wa majengo, naye huja kuona shimo na nailoni kabla hakijafunikwa kitu. Kama ulipitia mlango huo, una karatasi na pengine picha. Kama hukupitia, tafuta picha kwenye simu ya mtu yeyote aliyekuwepo siku ile. Bila picha tunapapasa gizani, na kila jibu linagharimu kutoboa.

Dalili: ukuta umelowa juu kidogo ya sketingi (ubao wa pembeni, ukuta unapokutana na sakafu)

Hii ndiyo inayoongoza. Ina vyanzo vingi, basi usikubali mtu akutajie chanzo akiwa bado amesimama sebuleni. Atoke nje kwanza na tepu.

Nje, karibu na ardhi, tafuta mstari wa chokaa au saruji ulio mnene kuliko mingine, au ukingo mweusi wa lami, au vipande vyembamba vya jiwe la sleti vimechungulia. Hiyo ndiyo DPC, tabaka la ukutani linalokatiza maji yasipande. Ardhi ya nje iwe chini yake kwa milimita 150. Mara nyingi haipo hivyo: mwenye nyumba wa 1970 alimwaga njia ya saruji, wa 1990 akaweka mawe ya kupamba juu yake, na sasa ardhi imelingana na DPC au imeipita. Hapo ugonjwa uko nje, na sakafu yako ni shahidi tu. Zamani maji yaliyoingia kwa njia hiyo yaliteremka na kukaukia uvunguni. Sasa uvungu haupo.

Ikiwa nje ni safi, ingia ndani. Hamisha kimo cha DPC kwa pimamaji kupitia mlangoni, uone uso wa zege uko wapi ukilinganisha nayo. Kisha bandua mita moja ya sketingi. Watu huogopa hatua hii wakati haigharimu chochote zaidi ya misumari, na inaeleza mambo kuliko kifaa chochote. Unatafuta vitu viwili.

Cha kwanza ni mkia wa nailoni. DPM ilitakiwa ipande pembeni mwa zege, ikunjwe na kuunganishwa na DPC ya ukutani, ama kwa utepe au kwa lami ya kupaka. Kosa ninalokutana nalo zaidi ni la usafi: fundi aliona mkia umechungulia, haupendezi, akaukata kwa kisu sambamba na zege kabla haujaunganishwa na chochote. Umebaki mwanya wa upana wa kidole kuzunguka chumba kizima, na chini ya mwanya huo kuna ukuta mbichi.

Cha pili ni plasta iliyoshuka hadi kugusa zege. Ukuta ulio chini ya DPC huwa mbichi, ndivyo ulivyo na si ugonjwa. Plasta ikivuka DPC kutoka juu kwenda chini, inakuwa utambi wa kibatari: inanyonya chini, inatoa juu ya sketingi. Kata ukanda wa plasta wa chini, uache kama sentimita tano wazi, subiri wiki kadhaa, pima tena. Sketingi itaficha pengo. Nimeona nyumba iliyokwisha kuandaliwa makadirio ya kudunga kemikali kuta zote ikapona kwa patasi na nyundo.

Sasa lile neno linalosemwa sana huku, kwamba zege "linasukuma maji ukutani". Zege halina pampu. Ukuta wenye DPC nzima hautapandisha maji kwa sababu ya sakafu mpya. Lakini ukuta usio na DPC, au wenye DPC iliyopasuka, ulikuwa unapumua kwa uso wake wa uvunguni, na wewe umeuziba uso huo kwa nailoni na kihami. Maji yaleyale, kiasi kilekile, sasa yana njia moja tu ya kutokea nayo ni juu. Anayesema zege lilileta unyevu amekosea, na anayesema zege halihusiki amekosea pia.

Tazama unyevu umekaa wapi, maana mahali hutaja chanzo. Ukiwa kwenye ukuta wa ubavuni unaotumia na jirani, fahamu kwamba kuta za ndani na za kati katika nyumba kuukuu mara nyingine hazikuwekewa DPC iliyo kamili hata pale kuta za nje zilipowekewa. Ukiwa karibu na dohani ya zamani, fungua sehemu iliyokuwa ya kuotea moto. Chini ya lile bamba la mawe kulijazwa udongo na vifusi, kukazungushiwa kijikuta, na mafundi wengi huishia hapo na nailoni yao bila kupita chini. Tena moshi wa makaa wa miaka mingi umeacha chumvi kwenye matofali ya dohani, na chumvi hizo hunyonya unyevu wa hewani. Doa lake linakuja siku ya mvua na kufifia siku kavu, hata kama chini kumekauka kabisa. Doa hilo halitibiwi kwa kemikali ya DPC, hata uimwage pipa zima.

Na ukiwa umeenea sawasawa pembe zote nne, miezi michache tu baada ya kumwaga, pengine ni zege lenyewe linakauka. Chumba cha mita nne kwa nne chenye zege la milimita 100 kina mita za ujazo 1.6, na ndani yake yaliingia maji yanayokaribia lita 300. Saruji inakunywa sehemu, sehemu inabaki humo, na sehemu inatoka kupitia hewa ya chumba chako. Fungua madirisha, washa joto la wastani, subiri kabla hujamwita mtu.

Tahadhari moja juu ya kile kifaa cha kupimia unyevu chenye misumari miwili. Kimepimwa kwa ajili ya mbao. Kikigusa plasta yenye chumvi kitapiga kelele hata kama plasta imekauka, kwa sababu kinapima umeme unavyopita, na chumvi hupitisha umeme. Kitumie kulinganisha mahali na mahali. Kama kuna pesa nyingi mezani, dai sampuli ya tofali itobolewe ipimwe kwa kabaidi (kemikali inayotoa gesi ikikutana na maji) au kwa mizani na tanuri.

Kudunga krimu ya kemikali kwenye matundu ya ukuta kuna nafasi yake, hasa pale zege lilipomwagwa juu kuliko DPC ya zamani na haliwezi kushushwa. Nafasi hiyo ni ya mwisho.

Dalili: chumba cha nyuma kinanuka uyoga, mbao zake zinalegea

Hili linaniumiza kuliko yote, kwa sababu aliyefanya kazi hakugusa chumba kile.

Kisa ni hiki. Mwenye nyumba anaweka zege chumba cha mbele tu, au sebule na jiko, na kuacha ukumbi na chumba cha kati na mbao zao. Upepo ulikuwa unapita uvunguni kutoka mbele hadi nyuma. Sasa mbele kuna ukuta wa zege na kokoto. Matofali yenye matundu bado yanaonekana mtaani, safi kabisa, lakini nyuma yake ni kihami. Uvungu wa chumba kilichobaki umekuwa chupa iliyozibwa. Boriti zake, ambazo huenda zilikaa zaidi ya miaka 100 bila tatizo, zinaanza kunywa.

Fungua ubao mmoja, pima boriti. Hapa kile kifaa cha misumari kiko nyumbani kwake. Ikizidi asilimia 20, ipo hatarini. Angalia hasa ncha za boriti zinapoingia ukutani, ndipo panapoanza. Chomeka bisibisi: ikizama bila ubishi, umechelewa kidogo. Ukikuta utando wa kijivu na weupe kama pamba, madoa ya manjano ya ndimu, ubao umepasuka vipande vya mraba kama mkate uliokatwa, na vumbi jekundu la rangi ya kutu limetanda sebuleni bila sababu, hiyo ni kuvu ya Serpula lacrymans, ambayo Waingereza huiita uozo mkavu ingawa inahitaji unyevu kama nyingine zote. Ubaya wake ni kwamba inatambaa ndani ya plasta na matofali kutafuta mbao nyingine. Uozo wa kawaida wa maji unakaa pale penye maji na kuishia hapo.

Kinga yake ilikuwa rahisi mno: kabla ya kumwaga, kulaza mabomba ya plastiki ya kipenyo cha milimita 100 ndani ya tabaka la kokoto, kutoka kila tofali la matundu la mbele hadi kwenye uvungu uliobaki. Mwongozo wa kanuni za ujenzi unaitaja milimita 100 hiyohiyo. Mabomba manne ya bei ya chakula cha mchana.

Zege likishamwagwa, chaguo hupungua. Nyumba nyingi za safu zina mkia mwembamba nyuma na kichochoro pembeni. Ukuta wa kichochoroni unaweza kutobolewa na kuwekewa matofali mapya ya hewa, ili upepo uingie ubavuni na kutokea nyuma. Ardhi ya kichochoro ikiwa juu mno, kuna matundu yenye shingo iliyopinda kama ya periskopu, yanayochukua hewa juu na kuishusha uvunguni. Panapokosekana hata ukuta wa nje, feni ndogo inayosukuma hewa uvunguni inaweza kufanya kazi, lakini kitu kinachotegemea umeme na kumbukumbu ya mpangaji mimi sikitegemei sana. Mara mbili nimemshauri mtu amalizie na chumba hicho nacho kwa zege. Ni gharama, ila ni mara moja.

Angalia na jambo la jirani yake: mahali sakafu ya mbao inapokutana na zege, mlangoni. Boriti zikiegeshwa moja kwa moja juu ya zege au kijikuta kipya bila kipande cha DPC chini yake, zitaoza hata uvungu ukiwa na upepo wa Zanzibar.

Dalili: lamineti imevimba, gundi ya vinyl imeachia

Haraka, hakuna kingine.

Kanuni ya mafundi wa huku ni siku moja kwa kila milimita, lakini hiyo ni kwa milimita 50 za kwanza pekee. Baada ya hapo kila milimita inadai siku mbili au zaidi. Zege la milimita 100 juu ya nailoni, ambalo linakaukia juu tu kwa kuwa chini limefungwa, linahitaji miezi mitano katika hali nzuri, na siku zinahesabiwa tangu nyumba ifungwe madirisha na paa, si tangu lori liondoke. Kama skridi imewekwa juu ya zege bichi bila nailoni katikati, hesabu unene wote kwa pamoja.

Kulaza kipande cha nailoni usiku kucha na kutazama jasho asubuhi hakutoshi. Jasho likionekana, zege ni bichi. Lisipoonekana, hujajua lolote. Kipimo kinachotegemewa ni haigromita, yaani kipimo cha unyevu wa hewa, ndani ya kisanduku kilichobandikwa sakafuni, kikaachwa saa 72 au zaidi hadi namba itulie. Ikisoma asilimia 75 au chini, weka sakafu yako. Usiwashe joto kali kuharakisha, maana uso unakauka na kupasuka huku tumbo likiwa bichi.

Mwenye mabomba ya kupasha sakafu joto ana mtego wake. Skridi ya saruji isipashwe kabla ya siku 21, na ikianza, maji yawe ya nyuzi 20 hadi 25 kwa siku tatu kabla ya kupandishwa. Nimekutana na mtu aliyewasha kwa nguvu zote wiki ya kwanza ili ikauke mapema kwa ajili ya arusi. Sakafu ilipasuka kama tope la bwawa wakati wa kiangazi.

Dalili: pembe zina ukungu mweusi, sakafu ni baridi kandokando

Tembea peku kutoka katikati kwenda ukutani. Ukihisi baridi imeanza ghafla sentimita 10 au 15 za mwisho, kile kipande cha kusimama cha milimita 25 hakikuwekwa, au kiliwekwa kikavunjwa na toroli. Zege linagusa ukuta wa nje, na joto linatoroka kwa mlango huo. Picha ya kamera ya joto asubuhi ya Januari itakuonyesha mstari wa buluu kuzunguka chumba. Tiba kamili ni kukata ukanda wa zege pembeni. Wachache hufanya hivyo, wengi huishia kuhami ukuta kwa ndani hadi chini, na hilo husaidia zaidi ya wanavyotarajia.

Ila kabla ya kukata chochote, jiulize kuhusu hewa. Ile sakafu ya mbao iliyokuwa inapuliza baridi ilikuwa pia inabadilisha hewa ya nyumba bila kuombwa. Sasa umeifunga. Maharage yanachemka saa mbili, nguo zinaanikwa kwenye redieta, watu sita wanalala ndani, na kuta zenyewe ni tofali tupu la milimita 225 lisilo na kihami, kwa hiyo ndizo baridi kuliko vyote. Mvuke unajua pa kwenda. Ikiwa ukungu uko juu ya kabati na nyuma ya kitanda kama ulivyo chini, sakafu haina kosa. Feni ya jikoni na ya bafuni inayotoa hewa nje kweli, si ile inayoizungusha tu, hutibu nyumba nyingi za namna hii.

Dalili: kuna pengo chini ya sketingi, sakafu inasikika tupu

Sakafu imeshuka. Gonga kwa mpini wa nyundo chumba kizima, weka alama ya chaki kila panaposikika kama ngoma. Kisha piga mstari wa penseli ukutani kwenye kimo cha sakafu, andika tarehe, rudi baada ya mwezi. Sakafu iliyoshuka na kutulia ni habari tofauti na inayoendelea kushuka.

Kokoto zinatakiwa zishindiliwe kwa mashine kila tabaka la milimita 150. Fundi aliyejaza milimita 450 kwa mpigo na kupitisha mashine juu mara mbili ameshindilia ngozi tu. Na kuna mpaka: kujaza kukizidi milimita 600, NHBC, wanaotoa dhamana za nyumba mpya huku, hawakubali sakafu ilale juu ya kifusi, wanataka ijibebe yenyewe ukuta hadi ukuta. Ndiyo maana kwenye nyumba yenye uvungu mkubwa, au iliyokuwa na stoo ya makaa chini, boriti za zege zenye matofali katikati na uvungu wenye hewa chini yake ni busara kuliko kuagiza malori ya kokoto.

Chanzo kingine ni mabamba ya kihami kulazwa juu ya mawe yenye ncha bila mchanga wa kutosha. Yanabeba kwa nundu chache, nundu zinazama, zege linabaki hewani. Sindano za resini chini ya zege hujaza mapengo hayo kwa nusu siku, lakini mtoboaji ajue nailoni na mabomba yako wapi.

Ikiwa nyufa ziko ukutani na si sakafuni, zimepanda kwa ngazi kufuata matofali, acha kusoma hapa na ita mhandisi. Kupanga sakafu hii kunadai kina cha milimita 400 na zaidi, na misingi ya nyumba hizi ni matofali yaliyotanuliwa ngazi mbili tatu tu ndani ya udongo. Aliyechimba chini ya kitako chake ameutoa ukuta miguu. Kuchimba ndani ya mita tatu za nyumba ya jirani, chini ya kina cha msingi wake, kunadai pia notisi kwake chini ya sheria ya kuta za pamoja ya 1996. Kwenye nyumba za safu hizi, jirani ni unene wa tofali moja.

Dalili: sakafu imetuna katikati

Si ya kawaida kwa zege la jana. Inachukua miaka. Milango inaanza kukwaruza, nyufa zinatoka katikati kama nyota, na kwenye hali mbaya ukuta wa nje unasukumwa kwa nje kidogo juu ya DPC. Kilicho chini kinapanuka. Vifusi vya matofali vyenye plasta ya jasi ndani yake vina salfeti, na salfeti ikipata maji inashambulia saruji na kuivimbisha. Uingereza ilijifunza hilo kwenye nyumba za baada ya vita zilizojazwa masalia mekundu ya migodi ya makaa, bila nailoni. Ireland ilijifunza tena, maelfu ya nyumba za upande wa Dublin, safari hii kwa madini ya pairaiti ndani ya kokoto, hadi ikatungwa sheria ya kushughulikia jambo hilo mwaka 2013.

Kwa hiyo yule anayekushawishi ujaze shimo kwa plasta uliyobomoa wewe mwenyewe ili usilipie takataka, mshukuru umrudishe kazini.

Mambo madogo

Nyufa nyembamba kama unywele, zisizo na tofauti ya kimo ukizipitishia kucha, ni zege kusinyaa. Ziachie.

Boila inapoteza presha kila wiki na hakuna redieta inayovuja: shuku bomba la shaba lililozikwa bila kuvalishwa. Nyaya za umeme zenye ganda la PVC zikigusa mabamba meupe ya polistirini, ganda lake hukauka na kukatika kadiri miaka inavyopita, nazo zilitakiwa zipite ndani ya mrija. Mabamba yenye karatasi ya alumini yakiguswa na zege bichi, alumini huliwa, na kazi ya ile nailoni nyembamba ya juu ni kuyalinda. Ukiona kwenye picha zako haipo, kihami bado kinahami, kimepungua tu.

Tatizo lisilo na dalili

Cornwall, Devon, Derbyshire na Northamptonshire, pamoja na maeneo mengine, ardhi inatoa gesi ya radoni, haina rangi wala harufu, na kuivuta kwa miaka mingi huchangia saratani ya mapafu. Uvungu wenye upepo ulikuwa unaipunguza. Zege lililopasuka pembeni, au lililotobolewa kwa mabomba bila kuzibwa, linaikusanya na kuiingiza sebuleni. Kipimo ni vidude viwili vidogo vya plastiki, kimoja sebuleni kimoja chumbani, vinavyokaa miezi mitatu na kurudishwa kwa posta. Ikizidi bekereli 200 (kizio cha mionzi) kwa mita ya ujazo, huchimbwa kisima kidogo chini ya zege, kikaunganishwa na bomba na feni ya kuvuta gesi na kuitoa nje juu ya paa. Anayepanga kumwaga bado anaweza kuweka kisima hicho kikavu, bila feni, kabla lori halijafika.